Kikulacho ki nguoni: kisa cha fangasi waliomsumbua dereva wa bodaboda miezi 14

Alimwaga mfuko wa rambo juu ya meza yangu, zikatoka tyubu saba za dawa za kupaka. Nyingine zilikuwa zimekunjwa hadi shingoni, nyingine bado zina nusu. "Dokta, hizi zote nimepaka, hakuna hata moja iliyonisaidia." Akanyamaza kidogo, kisha akajirekebisha: "Yaani, zinasaidia siku mbili tatu, halafu inarudi. Na ikirudi inakuja na nguvu."

Hayo maneno ya pili ndiyo yaliyonifanya nianze na zile tyubu kabla hata ya kumtazama ngozi.

Mgonjwa huyu ni kijana aliyevuka miaka thelathini si zamani, dereva wa bodaboda hapa Tanga, ana mke na watoto wawili. Ameniruhusu nikieleze kisa chake, na machache yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha. Ninakieleza kwa kirefu kwa sababu haipiti wiki sijapokea mtu wa namna yake, na kwa sababu mimi mwenyewe kuna mahali nilipitiwa, naye akalipia kosa langu kwa wiki kadhaa za muwasho.

Alivyofika

Ilianza wakati wa masika ya mwaka uliotangulia. Kiduara kidogo ndani ya paja la kulia, kinawasha, ukingo umeinuka na una magamba. Bibi yangu angekiita choa bila kusita. Dereva wa bodaboda hushinda juu ya kiti cha plastiki kinachochemka kwa jua, ndani ya suruali ya jinzi, na mvua ikimnyeshea nguo humkaukia mwilini. Fangasi wa kinenani hawatafuti mahali pazuri kuliko hapo. Alikwenda duka la dawa la mtaani kwao, akaeleza muwasho kwa mdomo tu, maana hakuna mtu mzima atakayeshusha suruali mbele ya kaunta huku wateja wengine wanasubiri, akapewa tyubu ya kwanza.

Nilisoma maandishi madogo ubavuni mwa kila tyubu. Nne zilikuwa za mchanganyiko, dawa tatu ndani ya moja: klotrimazoli ya kuua fangasi, gentamaisini ya kuua bakteria, na betamethasoni, ambayo ni steroidi. Mbili zilikuwa na klobetasoli, miongoni mwa steroidi kali kabisa za kupaka. Moja ya hizo mbili huuzwa kama krimu ya kung'arisha uso. Mwenzake wa kijiweni ndiye aliyemshauri, akisema "inakata chochote". Ya saba peke yake ilikuwa klotrimazoli tupu, na ndiyo iliyokuwa karibu kujaa. "Hiyo haina nguvu," aliniambia. Mara mbili pia alikuwa amemeza kidonge kimoja kimoja cha flukonazoli, dawa ya fangasi ya kumeza, akaacha.

Hapa nataka nitulie, kwa sababu kisa chote kimelala hapa. Fangasi wa aina hii huishi kwenye tabaka la juu kabisa la ngozi, lile lililokwisha kufa, wakila keratini, protini ileile inayojenga nywele na kucha. Wekundu, muwasho na ule ukingo ulioinuka havitokani na fangasi peke yao. Sehemu kubwa ni mwili unaopambana nao. Steroidi hunyamazisha mapambano hayo. Muwasho unakoma, uvimbe unashuka, mgonjwa analala usiku mzima kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi na kumshukuru aliyemuuzia. Ni sawa na kumfunga mdomo mbwa anayebweka wakati mwizi yumo ndani. Nyumba imetulia, mwizi anakusanya vitu taratibu.

Mtu atauliza: lakini si mchanganyiko ule una klotrimazoli pia? Unayo, na klotrimazoli ni dawa nzuri. Tatizo ni hesabu ya siku. Ili fangasi wa mwilini au kinenani waishe, klotrimazoli hupakwa mara mbili kwa siku kwa wiki mbili hadi nne, na inaendelea kupakwa hata baada ya ngozi kuonekana safi. Aliyepaka mchanganyiko hana muwasho tena siku ya tatu, kwa hiyo anaacha, na fangasi wamebaki. Asipoacha, akaendelea wiki nne kama dawa ya fangasi inavyotaka, steroidi inakuwa imekaa wiki nne kwenye ngozi ya kinenani, ngozi nyembamba, iliyokunjamana, yenye jasho, ambayo hunywa dawa kuliko ngozi ya mgongo au mkono. Itasinyaa, itachanika michirizi. Akiacha amepoteza, akiendelea amepoteza. Ndiyo maana siandiki kamwe michanganyiko hii kwa mtu mwenye fangasi wa kinenani, na ningependa wenzangu wauza dawa wasiitoe bila kuona ngozi.

Nilipomchunguza, ugonjwa ulikuwa umetoka kinenani pande zote mbili, umepanda kiunoni hadi mstari wa mkanda, umezunguka makalio. Mduara safi wa siku za kwanza haukuwepo tena. Palikuwa na mabaka yasiyo na mipaka, na katikati ya paja la kushoto mduara ndani ya mduara mwingine, kama mawimbi jiwe linapotupwa majini. Hiyo ni alama ya ngozi iliyopakwa steroidi mara kwa mara: fangasi wananyamazishwa, wanarudi, wananyamazishwa tena, na kila wakirudi wanaacha pete mpya. Niseme pia kwamba kwenye ngozi nyeusi huo wekundu unaotajwa vitabuni huonekana kama weusi uliokolea au rangi inayoelekea zambarau, na anayesubiri kuona wekundu atapitwa na mengi. Kulikuwa na vipele vichache vyenye usaha kwenye vinyweleo. Na kulikuwa na michirizi, mirefu, iliyozama, juu ya mapaja yote mawili.

Hali hii ina jina. Mwaka 1968 madaktari wawili wa Uingereza, Ive na Marks, waliieleza na kuiita tinea inkognito, fangasi aliyejibadilisha sura. Zaidi ya nusu karne imepita, na sura hiyo ya kujificha sasa inaishi ndani ya tyubu zinazouzwa bila cheti.

Kabla ya kuamini macho yangu nilipitia yanayofanana nayo. Kandida, fangasi wa jamii nyingine, hupenda kushika korodani na huzungukwa na vipele vidogo vilivyotawanyika pembeni. Korodani za huyu zilikuwa safi. Pumu ya ngozi na soriasisi, ugonjwa mwingine wa ngozi wenye magamba, zisingeota pete namna ile. Ukoma bado upo katika nchi yetu, kwa hiyo kila baka nalipapasa kwa pamba mgonjwa akiwa amefumba macho. Huyu alihisi kila mguso. Kwa ruhusa yake tulipima sukari na virusi vya UKIMWI, kwa sababu fangasi wanaosambaa na kukataa kuondoka mara nyingine huwa wanatangulia habari nyingine. Vyote vilikuwa sawa.

Kipimo kilichomaliza ubishi ni cha bei nafuu kuliko tyubu zake saba. Unakwangua magamba ukingoni kwa wembe safi, unayaweka kwenye kioo, unadondoshea potasiamu haidroksaidi, unasubiri dakika chache iyeyushe seli za ngozi, unatazama kwa hadubini. Uwanja wote ulikuwa umejaa nyuzi ndefu zenye matawi. Nilimwita naye atazame. Alikaa kwenye hadubini muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kisha akauliza, "Hawa ndio wamenila mwaka mzima?"

Siku ya tano

Matibabu yenyewe ni mepesi kuandika. Tyubu zote za steroidi zibaki kwangu. Terbinafini, dawa ya kuua fangasi, ya kumeza, miligramu 250, mara moja kwa siku, kwa wiki nne. Eneo lilikuwa kubwa mno kwa dawa ya kupaka peke yake, na vile vipele vya kwenye vinyweleo vilionyesha kwamba fangasi wamezama mahali ambapo krimu haifiki. Nilimuuliza kuhusu pombe, kama macho yake yaliwahi kugeuka manjano na dawa nyingine anazotumia, tukapima ini. Klotrimazoli ya kupaka juu yake, mara mbili, ikivuka ukingo wa baka kwa sentimita mbili, kwa sababu fangasi wametangulia mbele ya ule ukingo unaoonekana. Boksa za pamba, zibadilishwe kila siku. Akioga ajikaushe kinenani kabla ya kuvaa.

Alikuwa amesikia kuhusu vidonge vya ketokonazoli, dawa nyingine ya fangasi. Nilikataa. Tangu mwaka 2013 mamlaka za dawa za Ulaya na Marekani ziliviwekea vizuizi vikali kwa fangasi wa ngozi kwa sababu ya kuharibu ini, ingawa ketokonazoli ya kupaka haina shida hiyo. Griseofulvini tunayo, ni ya zamani na inafanya kazi, lakini inataka wiki nyingi zaidi, imezwe na chakula chenye mafuta, na mwanamume anayeitumia haruhusiwi kutungisha mimba hadi miezi sita ipite baada ya kumaliza. Yeye na mkewe walikuwa wanafikiria mtoto wa tatu.

Kilicho kigumu ni siku zinazofuata steroidi kuondolewa. Mbwa amefunguliwa mdomo, na mwizi bado yumo. Nilimwonya: wiki ya kwanza na ya pili muwasho utaongezeka, utaona ngozi imewaka, utadhani nimekupa sumu. Alisema ameelewa.

Siku ya tano alirudi kabla sijafungua mlango. Hakuwa amelala usiku mbili. Mapaja yalikuwa yamewaka kuliko siku ya kwanza. "Dokta, umenizidishia. Nirudishie hata ile moja, nipake leo tu nikafanye kazi." Ana marejesho ya pikipiki kila jioni, na mtu anayejikuna kinenani barabarani abiria humkimbia. Nakiri nilitazama droo ilipokuwa ile tyubu. Wapo wenzangu ambao hapa hutoa steroidi dhaifu kwa siku chache kumvusha mgonjwa, na siwalaumu wanaofanya hivyo kwa uangalifu. Kwa mtu aliyekuwa na tyubu saba niliona nitakuwa nimemfungulia mlango uleule. Nilimpa setirizini, kidonge cha kutuliza muwasho, anywe usiku, nikamwonyesha namna ya kukanda kwa kitambaa cha pamba kilicholoweshwa maji baridi, dakika kumi, asubuhi na jioni, kisha kujikausha vizuri. Nikamwambia: "Mdogo wangu, nipe siku tano nyingine. Ukiona bado, njoo hata Jumapili, nambari yangu unayo." Alinipigia siku ya nne. Muwasho ulikuwa umeshuka.

Ninaamini wengi wanaoitwa sugu hupotelea hapa. Wanaondolewa steroidi bila kuambiwa kitakachofuata, wanawaka, wanakimbilia duka lilelile, na faili linaandikwa kwamba dawa imeshindwa.

Wiki ya nne ngozi ilikuwa tambarare, haina magamba, imebaki na weusi. Tulikwangua tena, hatukuona uzi hata mmoja. Nilimpongeza, nikafunga faili. Hapo ndipo nilipokosea.

Viatu

Wiki ya kumi alirudi. Kinenani upande wa kulia, kiduara chenye ukingo mkali, kizuri kabisa cha kufundishia, kwa sababu safari hii hakikuwa kimepakwa kitu. Nilipouliza, alisema vidonge alimeza vyote thelathini pungufu viwili, ila alivinunua kumikumi, na katikati alikaa siku nne akitafuta pesa. Niliandika hilo kama sababu. Kisha nikafikiria India.

Kuna fangasi aitwaye Trichophyton indotineae, aliyetambuliwa kama aina ya peke yake mwaka 2020, aliyeenea sana India na nchi jirani zake, kwa sehemu kutokana na michanganyiko hiihii ya steroidi kuuzwa hovyo. Wengi wa jamii yake hawasikii terbinafini. Mwaka 2023 Marekani ilitangaza wagonjwa wake wa kwanza, New York. Sisi wa pwani tuna ndugu, biashara na matibabu Mumbai, Muscat na Dubai, kwa hiyo swali hilo si la mbali. Kumtambua kwa uhakika kunataka kusoma vinasaba vyake, kipimo ambacho sikuwa nacho. Nilichokuwa nacho ni historia. Mgonjwa hakusafiri, nyumbani kwake hakuna aliyesafiri, na kila alipomeza terbinafini bila kukatisha alipata nafuu ya kweli, hadi hadubini ikawa tupu. Fangasi sugu kwa dawa hangeondoka kwa utii namna hiyo. Huyu alikuwa ameondoka, akarudi. Kutoka wapi?

Nilifundishwa Moshi, kwenye kituo cha kikanda cha mafunzo ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992 pale hospitali ya KCMC, na jambo la kwanza kabisa tulilofundishwa ni kumtazama mgonjwa kuanzia utosini hadi kwenye unyayo. Siku ya kwanza mtu huyu alikuja na buti za mvua. Aliteremsha suruali hadi magotini, nami nikaridhika na nilichokiona.

"Vua viatu."

Kati ya kidole cha nne na cha tano, miguu yote miwili, ngozi ilikuwa nyeupe, imelowa na kuchanika. Unyayo wa kulia ulikuwa mkavu, umejaa vumbi la magamba kama aliyekanyaga unga. Ukucha wa dole gumba la kulia ulikuwa mnene, wa manjano, umeinuka, chini yake umejaa uchafu unaomeguka. Alikuwa nao "miaka mingi", alidhani ni kugongwa na stendi ya pikipiki. Tulikwangua chini ya ukucha: nyuzi zilezile.

Basi kila asubuhi alikuwa akipitisha boksa safi juu ya mguu wenye fangasi na kuipandisha hadi kinenani. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na kwa mtu huyu ilikuwa kweli neno kwa neno. Wiki nne za terbinafini ziliisafisha ngozi, lakini ukucha wa mguu hutaka wiki kumi na mbili, kwa sababu dawa inaingia kwenye ukucha mpya unaoota na ukucha ule wa zamani lazima usukumwe nje polepole.

Tulianza upya. Terbinafini wiki 12, safari hii tukipanga manunuzi kwa mwezi ili pasiwe na pengo, na kipimo cha ini katikati. Kwenye unyayo marhamu ya Whitfield, ambayo ni benzoiki asidi asilimia 6 na salisiliki asidi asilimia 3. Ni ya kizamani, inanuka, inachoma ikipakwa kinenani, lakini inamenya magamba magumu ya unyayo vizuri na ni rahisi. Soksi zivaliwe kwanza, boksa baadaye. Buti ziwe jozi mbili, moja ikianikwa juani siku ambayo nyingine inavaliwa.

Nikamwomba aje na familia. Mkewe alinisalimu kwa heshima, akakaa, na nilipouliza akasema yeye hana kitu. Nilimwita muuguzi wa kike aingie, ndipo akaeleza kwamba ana muwasho chini ya titi la kushoto na mahali anapofungia kanga, na kwamba amekuwa akipaka tyubu za mumewe. Nyumbani kuna taulo moja kubwa. Mabaka yake yalikuwa madogo na alikuwa ananyonyesha, kwa hiyo hakumeza kitu. Klotrimazoli tupu kwa wiki nne ilimtosha. Mtoto mkubwa alikuwa na mapunye kichwani, na mapunye hayaponi kwa kupaka, yanataka dawa ya kumeza kwa uzito wa mtoto. Kusema kweli fangasi wa kichwani kwa watoto wa kwetu mara nyingi si wale wa kinenani kwa baba zao, kwa hiyo simhesabu mtoto kama chanzo. Lakini nisingemwacha aondoke bila dawa.

Taulo zikawa nne. Nguo za ndani na mashuka yalifuliwa kwa maji ya moto, yakaanikwa juani hadi yakakauka kabisa, yakapigwa pasi ya mkaa hadi kwenye mishono. Mkewe aliichukua kazi hiyo kwa uzito kuliko sisi wengine wote. Mumewe aliniambia hata kanga za wageni sasa zinapigwa pasi.

Alipomaliza wiki 12 kinena kilikuwa safi, na miezi sita baadaye kilikuwa bado safi, masika nyingine ikiwa imepita katikati. Weusi umefifia sehemu kubwa. Michirizi ya mapajani ipo na itakuwepo. Nilimweleza hivyo bila kuizunguka, akaitazama, akasema afadhali michirizi kuliko muwasho.

Ukucha ndio bado. Siku tuliyoanza upya nilikata alama ndogo kwa ncha ya wembe mahali ukucha mzima ulipokutana na mbovu, ili tuone unavyosogea. Ukucha wa dole gumba la mguu huchukua mwaka hadi mwaka na nusu kuota wote. Alipokuja mara ya mwisho alivua viatu kabla sijasema, akaweka mguu juu ya kiti. Alama ilikuwa imebakiza milimita tatu kufika nchani, na nyuma yake ukucha ulikuwa mwembamba, unang'aa, rangi ya waridi. Atarudi baada ya miezi miwili tuukate.